Nepi za Khanga, Uji wa Uwele na Dumu la Maji: Nilivyolea kwa Hela Kidogo Dodoma

Pampasi moja ya rejareja kwenye duka la mtaani kwetu Nkuhungu ilikuwa shilingi 500 mwanangu wa pili alipozaliwa. Mtoto mchanga anaweza kumaliza tano au sita kwa siku, kwa hiyo hata ukibana sana ni shilingi 2,500 kila kukicha, shilingi 75,000 kwa mwezi. Nyumbani kwetu baba ni fundi ujenzi anayelipwa kazi ikiwepo, na mimi nilikuwa nimefunga kibanda changu cha fotokopi kwa sababu ya uzazi. Hela hiyo ilitosha kulipa kodi ya nyumba na chenji ikabaki. Na hapo bado hujagusa vitambaa vya pakiti vya kufutia, mafuta ya mtoto, poda, sabuni yake, unga wa lishe, soksi na kofia za baridi ya Julai.

Naandika kwa ajili ya mama mwenye mimba hapa Dodoma, Manyoni, Singida au popote penye ukame kama huu wetu, ambaye ameshaanza kupiga hesabu na hesabu hazikai. Vitu vingi vya mtoto unaweza kuvitengeneza mwenyewe nyumbani, na vingine vikawa bora kuliko vya dukani. Vichache haviwezekani, na hivyo usivibanie hata senti. Mimi nimejifunza kwamba ugumu hauko kwenye kushona wala kusaga. Uko kwenye kujua kipi kiko upande gani.

Nianze na nepi maana ndizo zinazokula hela.

Khanga kuukuu haina mpinzani. Imeshafuliwa miaka, imekuwa laini, inanyonya vizuri na inakauka upesi. Khanga mpya ina dawa ya kiwandani inayoifanya iwe ngumu na iteleze maji, haifai mpaka ifuliwe sana. Upande mmoja wa khanga una kama sentimita 150 kwa 110. Ukikata miraba ya sentimita 70 unapata nepi mbili, na ule utepe unaobaki pembeni usiutupe, ndio vitambaa vyako vya kufutia. Doti moja basi inakupa nepi nne. Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Mpwapwa kunitunza uzazi alileta khanga zake za zamani kwenye begi, nikaongeza za kwangu, fundi cherehani akazipinda kingo kwa hela ndogo ili zisichanike kwenye kufua. Usiruke hatua hiyo ya kupinda. Nepi isiyopindwa inatoa nyuzi, na uzi mmoja ukijisokota kwenye kidole cha mguu cha mtoto unaweza kukaza mpaka damu isipite.

Khanga peke yake inamtosha mtoto wa wiki za mwanzo. Akikua kidogo mkojo unakuwa mwingi, na hapo unahitaji kipande cha ndani. Nilinunua mataulo ya mtumba pale soko la Sabasaba, yale yaliyochakaa ambayo muuzaji anayaacha chini kabisa ya fungu, nikakata vipande virefu vya upana wa kiganja, viwili viwili nikavishona pamoja. Kimoja kinakaa katikati ya nepi, usiku viwili. Juu yake kuna chupi ya plastiki, ila hiyo naivalisha kwa saa chache tu, wageni wakiwepo au nikimbeba. Joto la Oktoba na Novemba hapa kwetu halichezewi, na mtoto akifungiwa kwenye plastiki mchana kutwa atatoka vipele tu.

Pini ndicho kitu pekee cha nepi ambacho nakwambia ununue kipya. Tafuta zile kubwa zenye kichwa cha plastiki kinachojifunga. Pini za kawaida zinashika kutu na kufunguka zenyewe. Unapochoma, weka vidole vyako viwili kati ya kitambaa na tumbo la mtoto, pini ikikosea ikuchome wewe.

Sasa maji. Mtu anayelea Moshi au Bukoba anaweza kukwambia kwamba nepi za kitambaa ukishazinunua basi, hakuna gharama nyingine. Kwetu si hivyo. Dodoma mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na mwaka wa kawaida ni kama milimita 570 tu. Mji umeishi miaka mingi kwa visima vya Mzakwe, na watu wameongezeka haraka mno tangu serikali ihamie huku. Kwa hiyo bombani maji yanakuja kwa mgao, na siku yasipokuja unamsubiri kijana wa mkokoteni na madumu yake. Dumu la lita 20 nilikuwa nalipa shilingi 400. Ukifua nepi kwa kumwaga maji ovyo, madumu manne yanaondoka kwa siku, hiyo ni 1,600, ongeza sabuni, na ile 2,500 uliyojisifu kuiokoa imebaki jina. Nawaona kina mama wanajaribu nepi za kitambaa mwezi mmoja, wanaacha, wanasema hazina faida. Kilichowashinda ni maji.

Nilichofanya mimi ni hiki. Nilikuwa na ndoo mbili zenye mfuniko. Moja ya nepi za mkojo, moja ya nepi za choo. Choo chenyewe kinakwanguliwa kwanza chooni, hakiingii kwenye ndoo. Nepi za mkojo zinalowekwa kwenye maji ya kusuuzia ya jana, yale ya mwisho ambayo bado ni meupe. Nepi za choo zinafuliwa mkono wa kwanza kwa maji aliyoogea mtoto, maana yana sabuni kidogo na hayana uchafu wa maana. Kisha zote zinafuliwa kwa sabuni ya mche, kipande kidogo, na kusuuzwa mara mbili kwa maji safi. Kusuuza ndipo mahali pa kutobania: sabuni ikibaki kwenye kitambaa inamuunguza mtoto mapajani, na mama atadhani ni mkojo. Maji ya kusuuzia ya kwanza yanaenda kwenye mpapai, ya pili yanabaki kwa ajili ya kesho. Kwa mpangilio huo dumu moja na nusu lilinitosha kwa siku, na mpapai ukazaa.

Jua tunalo la kutosha, na ndilo linalofanya kazi ambayo wenzetu wa mikoa ya mvua wanaifanya kwa kuni na maji ya moto. Nepi ya khanga ikianikwa saa tatu asubuhi, saa tano imekauka kabisa na madoa yamefifia. Ila Dodoma ina upepo, na kuanzia Agosti mpaka mvua zianze upepo huo unakuja na vumbi jekundu, hasa mchana ukisogea. Anika mapema, anua mapema. Nepi ya alasiri inarudi ndani ikiwa chafu kuliko ilivyotoka.

Halafu kuna mbigili. Siku moja upepo uliangusha nepi uani, nikaiokota, nikaikung'uta vizuri, nikamlaza mtoto nimvalishe. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka anachambua mboga.

"Mwanangu, hiyo ipapase kwanza."

"Nimeshaikung'uta, mama."

"Mbigili haikung'utiki. Ipapase."

Nikapitisha kiganja upande mmoja, hakuna kitu. Nikageuza. Kwenye kona ya pindo, pale fundi alipokunja kitambaa mara mbili, palikuwa na mbigili moja ya kijivu, ndogo kuliko punje ya mahindi, vijipembe vyake viwili vimezama ndani ya uzi. Ilibidi niitoe kwa sindano. Tangu hapo nikikunja nepi napitisha mkono pande zote mbili na kwenye kona zote nne, hata kama imeanuliwa kwenye kamba. Kina mama wa Dodoma wanaelewa nasema nini. Masika jua likipungua naongeza pasi ya mkaa, hasa kwenye mapindo, kwa sababu kuna nzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi na funza wake wanaingia kwenye ngozi.

Sikuacha pampasi moja kwa moja, na sioni sababu ya mtu kujitesa. Siku ya kliniki, ambapo unakaa kwenye foleni mpaka saa saba, mtoto anavaa pampasi. Safari ya basi kwenda Mpwapwa, pampasi. Usiku wa Julai baridi ikizidi, pampasi. Pakiti moja ikawa inanifikisha mwisho wa mwezi, na hela iliyobaki nikaijua ilipo.

Vitambaa vya kufutia ni rahisi hata havihitaji maelezo marefu. Zile tepe za khanga na fulana za pamba zilizotoboka, kata vipande vya kiganja, weka kwenye kopo lenye mfuniko. Pembeni weka chupa ndogo ya chai yenye maji ya uvuguvugu, ambayo haitumiki kwa chai tena. Maji matupu yanatosha. Sikuweka manukato wala sabuni wala mafuta yoyote yale, na ngozi ya mtoto ikanishukuru. Kama ni binti, futa kutoka mbele kwenda nyuma, kila mara, na mwambie yeyote anayekusaidia afanye hivyo hivyo.

Mafuta. Tuko katikati ya nchi ya alizeti. Kuanzia Kibaigwa mpaka Singida mashine za kukamua ziko barabarani. Chupa moja ya mafuta ya mtoto yenye harufu nzuri, ile ya dukani, mara nyingi ni mafuta ya madini na manukato. Alizeti iliyokamuliwa karibuni na kuchujwa vizuri inalainisha ngozi, inatoa yale magamba ya utosini mwa mtoto, na nusu lita inakaa miezi. Mimi nachukua kwenye lita ya jikoni kabla haijafunguliwa kwa mapishi, naweka kwenye kichupa cha rangi nzito mbali na jua. Ikianza kutoa harufu ya kukaa, inarudi jikoni au inamwagwa. Watafiti waliyajaribu mafuta ya alizeti kwa watoto njiti hospitalini Bangladesh na yakasaidia kulinda ngozi zao dhidi ya vijidudu, na hilo lilinipa moyo, ingawa mtoto njiti ni wa daktari, si wa majaribio ya nyumbani.

Poda niliiacha kabisa, ya dukani na ya kujitengenezea. Nimeona watu wanapaka unga wa muhogo au wanga wa mahindi kwenye mapaja. Unga ukilowa unakuwa uji, na uji kwenye mikunjo ya ngozi ni chakula cha fangasi. Vumbi lake pia linaingia kifuani kwa mtoto. Mtoto wangu alipopata wekundu, dawa ilikuwa kumwacha bila nepi kwenye mkeka asubuhi, kisha mafuta ya mgando ya shilingi 1,000 kabla ya kumfunga. Ukiona wekundu umekolea kwenye mikunjo, na vipele vidogo vimetawanyika kandokando yake, hiyo huwa ni fangasi na mafuta hayatasaidia. Nenda kituoni upewe dawa yake.

Baridi ya Juni na Julai wageni huwa hawaiamini mpaka waikute. Soksi na kofia za dukani ni ghali na nyingi ni nailoni. Mama mkwe alininunulia sweta la sufu la mtu mzima kwenye mtumba, limechanika kiwiko, kwa shilingi 1,500. Akalifumua jioni moja, uzi ukatoka umejikunjakunja. Akauzungushia kwenye mgongo wa kiti, akaufunga, akauloweka, akautundika na chupa ya maji imening'inia chini ili unyooke. Kesho yake ulikuwa uzi mzuri tu. Sweta lile moja lilitoa kofia mbili, soksi na kikoti, na uzi ukabaki. Sijui kufuma kama yeye, lakini soksi sasa nazimudu.

Nikija kwenye chakula nataka twende polepole, kwa sababu hapa kubana hela kunaweza kumgharimu mtoto.

Miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama tu. Hata maji hapewi, hata Dodoma hii ya joto, kwa sababu maziwa yenyewe yana maji ya kutosha. Hakuna akiba kubwa kuliko hiyo katika malezi yote, na ndiyo maana wakati wa kunyonyesha nilijilisha mimi vizuri kwanza: mlenda, maharage, dagaa, ugali wa uwele. Kama kuna sababu ya kiafya inayomzuia mama kunyonyesha, maziwa ya mbadala yatoke kwa ushauri wa kituo cha afya. Maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa na sukari, au uji mwembamba kwenye chupa, si mbadala wa chochote.

Baada ya miezi sita niliuangalia unga wa lishe unaouzwa. Mifuko mizuri mizuri, nafaka saba, nafaka kumi, soya, karanga, maharage, vyote vimesagwa pamoja. Mtoa huduma wa lishe pale kliniki alituambia akina mama tuliokuwa kwenye benchi kwamba wingi wa nafaka hauongezi lishe: mahindi, mchele, ngano, mtama, zote ni kundi moja. Nafaka moja inatosha, halafu ongeza karanga, halafu ongeza vya makundi mengine wakati wa kupika. Maharage na soya haviivi kwa muda mmoja na unga, mtoto anaharisha au anajaa gesi. Nikaona basi, uwele wetu wa Dodoma huu hapa, karanga zipo soko la Majengo, nihangaike na nini?

Lakini karanga na mahindi vina jambo lake. Mwaka 2016 hapa mkoani Dodoma na kwa jirani zetu Manyara watu waliugua na wengine wakafa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Sumu hiyo inatoka kwenye ukungu unaoota nafaka isipokauka vizuri, na kupika hakuiondoi. Kwa mtoto anayekula uji wa aina moja kila siku, sumu kidogo kidogo inajikusanya na inasemekana hata kukua kwake kunadumaa. Kwa hiyo karanga zangu sinunui zilizosagwa wala zilizokaangwa na mtu mwingine, maana siwezi kujua alisaga zipi. Nanunua za maganda au zilizobanguliwa mpya, nazimwaga kwenye ungo, nakaa nazo. Iliyosinyaa inatoka. Yenye rangi ya kijani au nyeusi inatoka. Iliyovunjika na kuliwa na wadudu inatoka. Nikionja moja nikakuta uchungu, fungu zima nalitilia shaka. Nafaka ninaanika kwenye turubai, sianiki chini kwenye udongo, na naihifadhi mahali pakavu kwenye mfuko usiogusa ukuta. Muuzaji anayekuuzia karanga rahisi za kuchambuliwa, zile zilizotengwa pembeni kwa bei ya chini, hakupunguzii gharama.

Unga wenyewe nikautengeneza hivi: uwele vikombe vinne, unaoshwa, unaanikwa mpaka ukauke kabisa, unapelekwa mashine. Karanga kikombe kimoja zinakaangwa kwa moto mdogo na kutwangwa peke yake kwenye kinu, naziweka kwenye kopo tofauti kwa sababu mafuta yake yanaharibu unga mapema. Nasaga kidogo kidogo, cha wiki mbili hivi.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho ningependa kila mama wa kanda hii akijue, nacho ni kimea. Shida ya uji wa mtoto ni kwamba ukiupika mzito hawezi kumeza, ukiupika mwepesi unamjaza maji tumboni na hapati nguvu. Tumbo lake ni dogo. Chukua uwele au ulezi kikombe kimoja, loweka usiku kucha, mwaga maji, tandaza kwenye kitambaa safi kibichi, funika, nyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu vimizizi vinatokeza. Anika juani mpaka vikauke, sugua kwa mikono vimizizi vidondoke, pepeta, saga. Ukiona ukungu wowote katikati ya hatua hizo, tupa yote. Mtama sikuutumia kwa kimea, kwa sababu machipukizi yake yana sumu.

Sasa pika uji mzito, ule unaosimama kwenye kijiko. Ipua, uache upoe kiasi cha mvuke kupungua, tia kijiko cha chai cha unga wa kimea, koroga. Mara ya kwanza nilipoona nilimwita mama mkwe aje atazame: ndani ya dakika chache uji ulilegea mbele ya macho yetu, kijiko kikaanza kutembea chenyewe, bila kuongeza tone la maji. Kimea kinavunja wanga. Nikarudisha jikoni ukachemka tena kidogo, nikaongeza kijiko cha karanga. Mtoto alimaliza bakuli ambalo jana yake aliligusa na kuliacha. Kuanzia hapo mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki ulikuwa unapanda kila mwezi, na nesi akaniomba niwaeleze wenzangu.

Mwishoni, uji ukiwa umeshaipuliwa, naweka unga wa ubuyu kidogo. Ubuyu mweupe wa kutwanga, si ule uliopakwa rangi na sukari wanaouza kwenye vifuko. Siku nyingine yai, siku nyingine dagaa waliosagwa, parachichi, majani ya mlenda. Zabibu zetu za Dodoma mtoto anazipenda sana, ila zinakatwa vipande vinne kwa urefu na mbegu zinatolewa, kwa maana zabibu nzima inaziba koo. Asali hapana mpaka atimize mwaka mmoja, hata kama ni ile safi ya Manyoni na bibi yake ndiye aliyeileta. Inaweza kuwa na vijidudu vinavyomlegeza mtoto mchanga viungo vyote mpaka pumzi.

Vile vya kununua, au kupewa kituoni, nimevitaja vingine njiani. Kuna vitatu bado. Kitovu: nilichoambiwa na mkunga ni kuwa kiwe safi na kikavu, kisipakwe kitu chochote ambacho hakikutoka kwa mtoa huduma. Hakuna majivu, hakuna mafuta, hakuna mate. Pepopunda inaingilia hapo. ORS, ile ya kumpa mtoto anayeharisha: maji ya chumvi na sukari ya kukadiria kwa macho ni hatari, chumvi ikizidi inamuumiza mtoto vibaya. Pakiti ya dukani haizidi bei ya soda, inachanganywa na lita moja kamili ya maji safi, na pamoja nayo kuna vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Mimi nina pakiti mbili kwenye kabati siku zote. Cha tatu ni sabuni ya mtoto. Kikundi chetu cha akina mama tunatengeneza sabuni ya maji na ya vipande, na tunauza, lakini kwa kuogea mtoto mchanga siitumii. Magadi ya sabuni yakizidi kidogo kwenye kipimo yanachubua ngozi ya mtu mzima, sembuse ya mtoto. Na ukitengeneza sabuni nyumbani, magadi yachanganyie mahali ambapo mtoto anayetambaa hafiki kabisa, kopo lake lisiwe kopo la maji wala la maziwa.

Nisingependa kumaliza bila kusema habari ya mikono. Nepi za kitambaa zinataka mtu wa kufua kila siku. Mama mkwe alipoondoka kurudi kwake, nilimwambia mume wangu wazi kwamba hela tunayookoa inatoka kwenye mgongo wangu, na mimi mwenyewe bado nina mshono wa kujifungua. Hakubishana. Siku asizokuwa na kazi ya ujenzi kule Mtumba, kwenye mji wa serikali, nepi alizifua yeye, uani, mbele ya wapangaji wenzetu, akazianika. Jirani mmoja alimtania siku ya kwanza. Baadaye nilisikia na yeye ameanza kwake. Kama nyumbani kwako hakuna mtu wa kukupokea, nunua pampasi nyingi zaidi wiki sita za mwanzo na uanze nepi za kitambaa ukishapata nguvu. Afya yako nayo ni ya mtoto.

Kama una mimba ya miezi sita au saba sasa, anza na khanga. Omba kwa mama, kwa shangazi, kwa dada zako, watu wanazo na hawazitumii. Zifue, kata, mpelekee fundi kabla mikono haijavimba. Nepi ishirini zinatosha kama jua lipo. Kama utajifungua masika, weka thelathini. Mataulo mawili ya mtumba. Pini nane. Ndoo mbili zenye mfuniko unaobana, na uulize mapema nyumba yenu ina mgao wa maji siku zipi, ili nepi za choo zisisubiri.